Kibao cha Arobaini na Saba

11 Januari

Mdogo wangu Fundi,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, nimeipokea kabla hujaitoa. Huku hatujambo. Shemeji yako goti linamsumbua na daktari kamkataza ngazi, kwa hiyo yeye anaishi chini kama mpangaji, mimi juu, tunakutana wakati wa kula. Wifi yangu hajambo? Na huyo mjukuu wako ameshaota meno? Niandikie yote, hata unayoyaona ya kipuuzi. Hayo ndiyo huwa nayasoma mara mbili.

Sasa lililonikalisha mezani. Mwezi wa tisa nitapiga piano mbele ya watu kwa mara ya mwisho. Usiniulize kwa nini. Mtu akifanya kazi moja miaka arobaini ana haki ya kuchoka. Nitamalizia kwenye ukumbi ule ule nilioanzia, wenye viti vyekundu vinavyolia mtu akijigeuza. Kisha nakuja nyumbani, na safari hii siji kwa wiki moja ya haraka haraka. Nakuja kukaa.

Nina ombi. Ile piano yetu ya kahawia iliyoko chumba cha mbele, nitengenezee kibao cha arobaini na saba. Wewe ni fundi wa piano kama alivyokuwa Baba, mji mzima unakuita wewe, kwa hiyo usiniambie ni kazi kubwa. Unakumbuka nilivyokuwa nikifika pale, nakibonyeza, kinakaa kimya, naiimba ile sauti kwa mdomo ili wimbo usiwe na tundu? Basi ndugu yangu, sijaacha mpaka leo. Nimepiga piano nzima nzima, kubwa kama vitanda, na kila nikifika kwenye kibao kile koo linaimba lenyewe. Siku narekodi santuri yangu ya kwanza, fundi mitambo alisimamisha kazi mara kumi na moja akitafuta nani anaguna mle chumbani. Nikamsaidia kutafuta! Magazeti yakaniita Bibi Mguno, na nilikuwa na miaka ishirini na sita tu.

Nataka nikae kwenye piano ile angalau mara moja, niipige yote, mdomo umefungwa.

La pili ni kwamba mchapishaji mmoja anataka kitabu cha maisha yangu. Sura ya kwanza inahusu nyumba yetu. Ikikamilika nitakutumia, uniambie nilipokosea.

Dada yako,
Vidole


3 Machi

Shikamoo Dada Vidole,

Barua yako ilifika zamani. Uvivu wa kujibu ni wangu, usiwalaumu watu wa posta. Wifi yako anakusalimu sana na anasema usithubutu kuja bila sindano za cherehani, za huku zinakatika ukizitazama tu. Mjukuu ana meno mawili na ameanza kuyajaribia kwenye bega langu. Paa la chumba cha mbele nimelibadilisha. Chumba chenyewe kiko vile vile, benchi la Baba chini ya dirisha, koleo zake ukutani kila moja kwenye msumari wake, na kile kiti alichokiongezea miguu ili ufikie vibao.

Hutaki niulize kwa nini unaacha. Haya, siulizi. Ila naona barua umeipiga taipu. Wewe uliyekuwa ukinifinya kwa sababu ya mwandiko mbaya!

Nilipoisoma nilikumbuka zile piano zote zilizopita mle ndani. Baba alinunua mbovu, akaitengeneza, akaiuza, tukala, akaleta nyingine. Ile nyeusi ya kanisani, ile fupi iliyotoka kwenye klabu na kunuka bia, ile iliyokuwa na kiota cha ndege. Hakuna iliyomaliza miezi mitatu. Wimbo mmoja ulijifunza nusu yake kwenye nyeusi, nusu ya pili ukaisubiri mpaka piano nyingine ije. Unakumbuka siku walipokuja kuichukua nyeusi? Ulikalia kiti chake ukagoma kushuka. Wapagazi wakabeba piano, wakarudi wakakubeba wewe na kiti, wakakuweka barabarani. Ulikuwa na miaka minane. Ulilia mpaka ukatapika. Mimi nilikuwa mdogo lakini siku ile sijaisahau.

Kibao nitakiangalia. Piano ni ya zamani, vipuri vyake si rahisi kupatikana. Tutaona.

Mdogo wako,
Fundi


20 Aprili

Mdogo wangu,

Tutaona! Hiyo tutaona yako naijua tangu ukiwa unakataa kuoga. Fundi gani anakosa kinyundo kimoja, kijiti cha mbao chenye kichwa cha sufu cha kugonga nyuzi? Unaweza kukichonga huku unakunywa chai.

Wifi mwambie sindano nimenunua, pakiti tatu. Shemeji yako anakusalimu, goti limepoa kidogo.

Umeona taipu, basi nikuambie nisikie nimepumua. Kidole cha pete na kidole kidogo cha mkono wa kulia vinakufa ganzi. Navibonyeza na sivisikii, kama vya mtu mwingine. Hapa hajui mtu ila shemeji yako na daktari. Mpaka Septemba nitavidanganya danganya. Baada ya hapo basi. Kwa hiyo ukisema tutaona, fahamu kwamba mimi sina miaka ya kuona.

Nimeambatisha ile sura. Nakunakilia hapa kipande ninachotaka ukisome kwa makini:

"Tangu Mama afariki tulikuwa watatu, Baba, mimi na mdogo wangu. Nilipofikisha miaka tisa iliingia piano ya kahawia, na haikuondoka tena, kwa sababu kibao chake kimoja kilikuwa kibovu na Baba alikuwa na msimamo wake: piano yenye pengo haitoki humu ndani. Mara mbili alikitengeneza, mara mbili kikafa tena. Akasema panya wanakula sufu. Akaweka mtego ndani ya piano, akaacha.

"Siku niliyotimiza miaka kumi na mitatu, tarehe nane Machi, akakitengeneza tena, maana kesho yake mwalimu mkuu wa shule fulani alikuwa anakuja kuinunua. Alasiri ile nilipiga wimbo wangu wote mdomo umefungwa. Baba alisimama mlangoni na kitambaa mkononi mpaka nikamaliza. Asubuhi mwalimu mkuu akaja na lori. Akabonyeza vibao kimoja kimoja kuanzia kushoto. Cha arobaini na saba kilikuwa kimya. Akafunga kifuniko, akaondoka. Baba alikuwa amesimama, mikono ndani ya mifuko ya aproni. Hata hakufungua piano kutazama imekuwaje, na miaka mitano iliyofuata hakukigusa tena. Siku naondoka nyumbani nilimwambia: Umetengeneza piano za mji mzima, yangu ikakushinda. Akasema: Ilinishinda kweli, mwanangu. Akanibebea sanduku mpaka stesheni. Hapo nikajua kwamba mtoto wake hakuwa na thamani ya mteja."

Mchapishaji anaitaka mwisho wa Agosti. Kama kuna uongo niambie. Ukinyamaza nitahesabu ni kweli tupu.

Vidole


30 Juni

Fundi,

Wiki kumi. Mgonjwa? Umefungwa? Wifi yangu kakuficha kalamu? Nimempigia simu jirani yako muuza vitabu, kaniambia amekuona juzi, mzima, unabeba piano ya watu.

Nilidhani utanisifia, au utanigombeza kwamba nimemsema Baba. Nilijiandaa kwa yote mawili. Kimya sikukiandaa.

Nasubiri.

Dada yako


12 Julai

Shikamoo Dada,

Wote wazima. Mjukuu anasimama. Salamu zingine nitaandika siku nyingine, leo nikianza salamu nitamalizia hapo hapo kama ninavyofanya kila nikikaa hapa. Nimeshachana barua nne.

Sura yako ina uongo, na uongo huo ni mimi.

Siku walipokubeba na kiti, nilimsikia Baba jioni akimwambia mpagazi mmoja: piano yenye pengo haitoki humu ndani, ile tumeitoa kwa sababu ni nzima. Nikalishika neno lile. Ilipokuja ya kahawia, nikakuona unavyoizungukia, unaigusa, hutaki kuizoea kwa sababu unajua itaondoka. Baba alipomaliza kuitengeneza, nilichukua bisibisi yake, nikafungua skrubu, nikatoa kinyundo cha arobaini na saba. Kwa nini hicho? Kilikuwa katikati, mkono wangu ulifika. Sikuwa na hekima nyingine. Nilikuwa na miaka sita.

Akachonga kingine. Nikakiiba. Akachonga kingine tena, nikakiiba nacho. Ndipo likaja neno la panya. Vinyundo vitatu, nikaviweka kwenye kopo la majani ya chai. Piano ikabaki, wewe ukabaki nayo miaka tisa, ukawa ulivyokuwa.

Hilo la mwalimu mkuu silijui. Mwezi wa tatu mwaka ule nilikuwa wodini na kifaduro, wiki tano. Niliporudi nilikuta piano ipo na kibao kimekufa kama nilivyokiacha, nikashukuru. Kama alikitengeneza, nadhani kiliharibika chenyewe.

Mara ngapi nilitaka kukuambia! Ulipoondoka ukiwa umemkasirikia Baba nilitaka kukimbilia treni. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mwanaume mzima, nikaogopa kofi. Baba alipofariki ukaleta telegramu ya maneno sita na shada la maua, nikajua hujamsamehe. Ningesema siku ile. Nikaona aibu, na aibu ikilala inaota mizizi. Watu walimcheka Baba, Dada. Wateja walikuwa wakija wanasema, fundi, mbona yako mwenyewe ina pengo? Akacheka nao. Mimi nikiwa hapo hapo nafagia.

Nisamehe. Usimchape Baba kwenye kitabu kwa kosa langu.

Fundi


2 Agosti

Wewe,

Salamu sina.

Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu taipu inapiga kelele na sitaki kelele. Ukishindwa kusoma, shauri yako.

Umeniacha nimchukie baba yangu miaka arobaini. Nilikuwa nikipiga mbele ya watu elfu, wanasimama, wanapiga makofi, na mimi moyoni nasema, umeona, mzee? Bila msaada wako. Kila mara! Hiyo ndiyo ilikuwa inanisukuma niamke asubuhi nifanye mazoezi. Sasa unaniambia nilikuwa nagombana na mtoto wa miaka sita mwenye bisibisi.

Halafu nacheka peke yangu, nakasirika kwamba nacheka. Panya! Panya gani anafungua skrubu? Na Baba, mtu aliyejua kila msumari wa piano, aliamini panya?

Wala wewe sikuamini. Labda umezua hadithi kumkinga. Ndivyo ulivyo, hata ulipovunja taa ulisema ni upepo, na ulipovunja glasi mbili Baba akavunja ya tatu ili usijione mkosaji peke yako. Kama vinyundo vipo nionyeshe. Fungua hilo kopo, nitumie vyote vitatu. Mchapishaji anapiga simu kila Jumatatu na mimi sijui nimwandike baba yupi.

Dada yako bado, kwa bahati mbaya


19 Agosti

Shikamoo Dada,

Wifi yako anasema barua yako ina mwandiko kama wangu. Nimeona ni heshima.

Kopo limo ndani ya piano. Ndiyo, ndani ya piano. Chini, nyuma ya ule ubao wa pedali. Nilipokuwa mtoto niliona hakuna maficho bora duniani. Na tangu nilifunge pale mara ya tatu sijawahi kulifungua, hata baada ya kurithi nyumba na kazi. Piano za watu wote nafungua, hiyo yetu napangusa vumbi juu tu.

Jana mchana nilipiga magoti nikautoa ubao. Na nikiwa pale nimepiga magoti ndipo nilipojiona mjinga wa mwisho. Dada, ule ubao ndio wa kwanza fundi kuufungua. Pedali ikilia, unafungua pale. Piano ikikokotwa, unafungua pale. Nimeficha mali ya wizi kwenye droo ya polisi! Baba alikuwa akiufungua kila mwezi.

Kopo lilikuwa limeshika kutu, nikalifungua kwa koleo yake. Nikamwaga vinyundo kwenye benchi.

Viko vinne.

Nilihesabu tena. Nikamwita wifi yako ahesabu, maana nilidhani macho. Vinne. Mimi niliiba vitatu, hilo naweza kuapa. Unakumbuka Baba kila alichochonga alikiandika kwa penseli, namba na tarehe. Cha kwanza ni cha kiwandani, hakina kitu. Viwili vina mwandiko wake, na tarehe za miaka ile ya mwanzo. Cha nne kimeandikwa 47, na chini yake 8 Machi, mwaka uliotimiza miaka kumi na mitatu. Sufu yake nyeupe kabisa, haijagonga nyuzi zaidi ya alasiri moja.

Mimi nilikuwa wodini, Dada. Wewe ulikuwa huna habari na kopo. Nyumbani alikuwepo mtu mmoja tu.

Alikusikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua bisibisi.

Na nikakumbuka jambo lingine. Niliporudi kutoka hospitali baiskeli ya Baba haikuwepo. Alianza kuwafuata wateja kwa miguu, na mfuko wa vifaa begani. Tulimuuliza, akasema amechoka kukaza matairi. Sasa naelewa kwamba piano haikuuzwa, na sisi tulikuwa tunakula.

Nimekaa pale kwenye benchi nikalia kama mtoto. Wifi yako akanikuta, akafunga mlango.

Sikutumii. Naogopa vitapotea njiani. Njoo uvione.

Fundi


23 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba, na marahaba nyingine za zile barua nilizokunyima.

Sisi wazima. Shemeji yako amepanda ngazi jana kwa mara ya kwanza, akafika juu akasema kumbe kuna mandhari. Wifi mwambie nimeongeza pakiti mbili.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye sanduku la posta, nikabaki nimesimama. Kwa siku tatu sikugusa piano. Nilikuwa namwona mlangoni na kile kitambaa. Nilidhani alikuwa anasubiri nimalize afunge duka. "Ilinishinda kweli, mwanangu." Na mimi nikapanda treni nimenuna, sikumpungia mkono. Alinipungia yeye, Fundi. Nilimwona kupitia kioo cha dirisha.

Juzi nimepiga kwa mara ya mwisho. Ukumbi ulijaa. Vile vidole viwili nilivikokota kama watoto wasiotaka shule, vikaja. Na kila nilipofika kwenye kile kibao, miaka yote hii nauma meno nizuie mguno, safari hii sikuzuia. Niliimba. Watu wa safu ya mbele walisikia wazi. Mzee mmoja alinifuata baadaye akaniuliza ule ulikuwa wimbo gani ndani ya wimbo. Nikamwambia ni kosa la fundi wetu wa nyumbani, tena kwa majivuno.

Ile sura nimeichana. Mpya ina sentensi moja tu mpaka sasa: "Baba yangu alikuwa fundi wa piano, na mdogo wangu alikuwa mwizi, na wote wawili walishirikiana bila kuambiana." Mchapishaji ameuliza nini kinafuata. Nimemwambia asubiri nifike nyumbani.

Nafika tarehe kumi Oktoba, treni ya asubuhi. Usije na watu, njoo wewe na mkokoteni, nina mizigo.

Kabla sijafika nifanyie hivi. Vitatu vyako virudishe kwenye kopo, na kopo mahali pake, ni vyako. Cha Baba kiweke kwenye piano, ukikaze vizuri kama angekikaza yeye. Kisha usikijaribu. Najua mafundi, mkono utakuwasha. Usikibonyeze, wala wifi asikibonyeze, na huyo mjukuu mfungie chumba cha pili.

Nitakibonyeza mimi, kwa kidole cha shahada, hicho bado kinasikia. Mdomo nitaufunga, nimsikie Baba anasema nini.

Dada yako,
Vidole